Msumari wa Funguo

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali, mguu kwenye pedali na mdomo kwenye umbea, karani wa manispaa alipoingia uani na fomu yake. Fomu hiyo ndiyo ingeamua kama nyumba yao ya kupanga yenye vyumba kumi na kimoja inafaa kuendelea kuwapo au ibomolewe.

"Mabomba?" aliuliza karani.

"Moja."

"Vyoo?"

"Viwili. Kimoja kina mlango," alijibu muuguzi wa chumba cha pili, aliyekuwa anaanua nguo. Ua mzima ukacheka. Karani naye alitabasamu, kisha akaikumbuka kazi yake akakunja uso.

"Usalama. Funguo mnaweka wapi?"

Fundi alionyesha kando ya mlango wake. Kwenye msumari mmoja mrefu zilining'inia funguo za nyumba nzima. Karani akaandika sifuri.

"Sifuri ya nini, mwanangu?"

"Mama, hapa yeyote anaingia popote!"

"Ndiyo kazi ya huo msumari! Juzi huyu muuguzi kaenda zamu, kaacha maharage motoni. Nani aliyaepua?"

"Na nani aliyala?" muuguzi aliuliza.

Fundi hakumjali. "Kila anayeamka hutundika ufunguo wake hapa. Ufunguo wa mzee wa chumba cha nne usipofika msumarini saa mbili asubuhi, tunakwenda kumgongea. Siku moja tulimkuta sakafuni, hajiwezi. Yule pale, ananyoa ndevu."

Mzee aliinua wembe, povu shavuni, kama anayesalimia mkutano.

"Wewe unakokaa," fundi aliendelea, "usipotoka asubuhi, nani atajua?"

"Tuna kamera."

"Kamera itakugongea?"

Karani aliinamia fomu yake. Alijumlisha alama: kumi na mbili kati ya hamsini. Akampa fundi kalamu, kwa kuwa ndiye msemaji wa wapangaji.

"Sitii sahihi. Ongeza swali."

"Fomu haina nafasi, mama."

"Pembeni pana nafasi."

Karani alipumua, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: Mkazi asipoonekana kufikia saa mbili, nani hujua? Wote.

"Lakini nisikudanganye," alisema kwa upole. "Ofisini watalifuta. Wanahesabu namba tu."

Roho ilimuuma fundi, lakini alicheka.

"Walifute. Wa kulifuta itabidi alisome kwanza."

Akatia sahihi, akarudi kwenye suruali yake.