Rafiki wa Siri wa Mshona Mifuko

Aliyemfungia Luz Dary Arboleda ndani ya chumba cha kioo hakuwa adui yake. Alikuwa don Arcesio, mwenye kiwanda, na alifanya hivyo kwa maneno matamu na kumpigapiga begani. Mashine mpya ya kushona mifuko ya mashati haikutaka vumbi la pamba. Ilitaka hewa ya baridi na mlango unaofungwa. Basi ikajengewa chumba chake katikati ya ukumbi wa kushonea, na Luz Dary akapewa kiti humo, akawa anaonekana na kila mtu na hasemeshwi na yeyote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kwa wepesi wake. Anaweka kipande cha kifua cha shati, anaweka kipande cha mfuko, anabonyeza. Vibamba vya chuma vinakunja kingo zote kwa mpigo mmoja, kichwa cha cherehani kinazunguka chenyewe, kinakata uzi chenyewe, na mkono wa chuma unalichukua shati kulilaza juu ya mengine. Mashine haikuumwa mgongo. Haikuomba kwenda chooni, wala haikuwa na mume wa kusimuliwa.

Zamani mifuko ilikuwa na benchi zima la wanawake. Huyu anapiga pasi mikunjo, yule anapinda mdomo wa mfuko, wengine wanashona, na ndimi zinakwenda kasi kuliko sindano. Pale benchini ndipo Luz Dary alipopata habari za mji mzima wa Itagüí: nani kaachwa, nani ana mimba ya nani, na tamthilia ya jana iliishia wapi kwa yule aliyelala kabla haijaisha. Alifika asubuhi na arepa yake, mkate wa mahindi, kwenye kitambaa, wakamegeana, na siku ikaanza hivyo.

Kabla mashine haijawashwa, alikuja Ferney, fundi wa mitambo kutoka Pasto, na kamera yake. Don Arcesio alitaka mikono ya mshonaji bora ipigwe picha ikishona, ili mashine ipangwe kwa mwendo ule ule. Mshonaji bora alikuwa Luz Dary, na yeye, masikini, alifurahi. Siku hiyo alivaa hereni.

Mashine ilipoanza kazi, benchi likavunjwa. Baadhi walipelekwa kwenye vifungo, baadhi wakapewa mkono wa kwaheri. Nubia Tangarife, shoga yake aliyeketi ubavuni mwake tangu wote wawili wakiwa wasichana wa kusuka nywele mikia miwili, alipelekwa kukata nyuzi, kazi ya kusimama kutwa, na huku miguu yake ina mishipa iliyovimba. Nubia hakumtukana. Aliacha tu kumsemesha, na Luz Dary aliona heri angetukanwa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika Septemba, mwezi wa rafiki wa siri. Kiwanda kizima huandika majina kwenye vikaratasi, vikatiwa ndani ya kofia ya bawabu, na kila mtu akachota chake. Jina ulilochota hulitaji. Kazi yako ni kumwekea mwenye jina vitu vitamu kwa siri, peremende leo, keki kesho, mpaka ile Ijumaa ya kufichuana, ambapo kila mtu husimama mbele ya wenzake na kumkumbatia wake. Ukiulizwa kabla ya siku hiyo, unakana. Hata ukishikwa na pipi mkononi, unakana.

Luz Dary alimchota bawabu mwenyewe, mtu asiye na makuu, ukimpa karanga ameridhika. Lakini kichwani mwake lilikuwa linazunguka swali moja tu: mimi nimechotwa na nani? Aliomba awe Nubia. Aliliomba jambo hilo kanisani, akaona haya kumsumbua Mungu kwa mambo ya peremende, kisha akaliomba tena.

Jumatatu ya kwanza alikuta juu ya mashine kipande cha halua ya mapera kilichofungwa kwenye jani kavu, na pembeni yake kipande cha jibini. Jibini yenyewe ilikuwa ile ya chumvi. Watu wengi hula mapera na jibini isiyo na chumvi. Luz Dary hula na ya chumvi, na watu humcheka kwa hilo. Alikaa akakitazama kile kipande mpaka taa nyekundu ya mashine ikaanza kumwitia kazi.

Siku chache baadaye ikaja keki ya nazi bila zabibu kavu. Zabibu kavu alikuwa hazipendi tangu utotoni, na pale benchini aliyekuwa akimchomolea na kuzila ni Nubia. Ni yeye, alijiambia. Ameninunia mdomo, lakini mkono umekataa kuninunia.

Akaanza kupaka rangi ya mdomo asubuhi. Akaanza kuimba humo kiooni, ingawa hakuna aliyesikia. Nje waliona midomo yake ikichezacheza.

"Mtoto wa mfalme katoka!" alisema Ofelia siku moja, alipomwona kwenye bomba la maji ya kunywa. Ofelia alikuwa mkata nyuzi mkongwe, na ulimi wake ulikata vizuri kuliko mkasi wake. "Humo ndani mnapewa na chai, au mashine inakunywa peke yake?"

"Mama Ofelia, niache ninywe maji."

"Kunywa, mwanangu, kunywa. Na hiyo rangi ya mdomo umempakia nani? Bwana chuma?"

Wanawake wakacheka, na Nubia, aliyekuwa nyuma yao na mkasi wake shingoni, akatabasamu kidogo kabla hajajizuia. Luz Dary alilibeba tabasamu lile akarudi nalo kazini, akashona mashati ya siku nzima akiwa nalo.

Basi akashindwa kusubiri. Wiki ya mwisho, wenzake walipokuwa wakivua aproni, alimfuata Nubia mpaka kwenye makabati ya nguo na kumgusa bega.

"Nimekula. Ile jibini... asante, shoga yangu."

Nubia alibadilika uso. "Asante ya nini?"

"Haya basi, sisemi kitu."

"Luz Dary, mimi sijakupa kitu."

"Najua, najua," alisema Luz Dary, akicheka, kidole mdomoni. "Hujanipa kitu."

Nubia alichukua mkoba wake na kuondoka upesi. Na Luz Dary, ambaye tangu aanze kazi hajaona mtu akikubali kabla ya Ijumaa, akaona mchezo unachezwa sawasawa. Alifika nyumbani akiwa mwepesi. Akapika maharage mengi kuliko anayoweza kuyamaliza mtu mmoja, kwa mazoea ya furaha tu.

Ijumaa meza za bwalo zilisogezwa ukutani. Mmoja mmoja walisimama. "Rafiki yangu wa siri hukoroma kwenye basi!" mmoja alisema, ukumbi mzima ukapiga kelele jina, wakakumbatiana. "Rafiki yangu wa siri anadaiwa harusi na mchumba wake mwaka wa ngapi huu?" Vicheko tena. Luz Dary alimkumbatia bawabu, akampa soksi, akarudi mahali pake. Kila Nubia alipojisogeza, yeye alijiandaa kusimama.

Nubia alisimama. "Rafiki yangu wa siri," alisema kwa sauti ndogo, "ana ulimi mrefu kuliko uzi wa bobini." Ukumbi ukaangua kicheko, "Ofelia! Ofelia!" na Nubia akaenda kumkumbatia yule mama.

Luz Dary alipiga makofi. Hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Akasimama Ferney, fundi wa mitambo, ambaye hakuna aliyekuwa amemkumbuka, akashika kifurushi kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani.

"Rafiki yangu wa siri," alisema, "anakaa nyuma ya kioo."

Hakuna aliyepiga kelele jina. Mtu mmoja alikohoa. Ferney alivuka ukumbi wote ule peke yake, akamkumbatia Luz Dary kwa adabu, akampa sweta ya sufu. "Humo ndani kuna baridi, mama. Mimi ndiye niliyeiweka, najua."

"Mungu akubariki," alisema Luz Dary, na alimaanisha. Kisha akauliza, maana hakuweza kutouliza: "Ulijuaje habari za jibini ya chumvi?"

Ferney akachangamka, akidhani anampa habari njema. "Kwa Nubia! Mimi nilimchota mama Ofelia, na Nubia alikuchota wewe. Akanifuata Jumatatu ile ya kwanza, tubadilishane majina. Nikamwambia mimi ni mgeni, sijui mtu anapenda nini. Basi akaniambia yote. Mapera na jibini ya chumvi, nazi isiwe na zabibu, chokoleti usimpe, inamuumiza kichwa. Nikakariri kama katekisimu."

Lililomuuma Luz Dary hapo halikuwa jambo moja, na ndiyo maana hakulia. Angeweza kulia kama angekuwa amechukiwa tu. Alikunja sweta taratibu, akaenda mpaka kona ya bwalo alipokuwa Nubia ameketi na sahani ya keki, miguu yake imeinuliwa juu ya kiti cha pili.

"Ulinichota," alisema.

"Nilikuchota."

"Ukanigawa."

Nubia aliitazama keki. "Nilinunua ile jibini ya kwanza mimi mwenyewe," alisema. "Nikaja nayo mpaka mlangoni pako asubuhi, hujafika bado. Nikaiona ile mashine imetulia pale, imefunikwa shuka yake nyeupe, na miguu inaniuma. Nikampa Ferney aiweke. Unachopenda nakijua, Luz Dary. Kukupa kwa mkono wangu ndiko kulikonishinda."

"Mimi sikuitengeneza ile mashine."

"Najua. Ulivaa hereni tu."

Luz Dary aligusa sikio lake. Upande wa pili Ofelia alikuwa akiigiza jinsi bawabu anavyotembea na soksi mpya, watu wakishika mbavu.

"Mwakani, Nubia," alisema Luz Dary. "Ukinichota mwakani?"

"Mwakani!" Nubia akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. "Ferney amekuambia ya jibini tu? Jumatatu anaanza kupima kona ya kushonea kola, iwekwe mashine nyingine. Halafu inakuja ya kukata nyuzi, anasema ina jicho lake kabisa. Mwakani tutachotana akina nani, shoga yangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo tangu benchi livunjwe. Nubia alishusha miguu yake kutoka kwenye kile kiti, polepole, kwa maumivu, mguu mmoja kisha wa pili. Hakumkaribisha. Luz Dary aliketi, na wote wawili wakabaki wakiutazama ukumbi uliojaa watu wanaokumbatiana.