CV ya Sekela

Katika steshenari yangu ya Tandika, CV ina kichwa, mwili na mkia, na vyote vitatu viko tayari kwenye kompyuta. Ukija, ninabadilisha jina, shule na tarehe ya kuzaliwa. Mkia siugusi. Kila kijana aliyepita hapa anapenda kusoma vitabu, kusafiri na kuangalia mpira. Sioni haya kusema hivyo, maana watu wamepata kazi kwa mkia huohuo.

Sekela aliingia mchana akiwa amevaa sare ya shule, wakati ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Nadhani hakuwa na nguo nyingine ya kwendea kwa watu wazito. Nyuma yake alikuja mama yake, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kijani, amemshika mkono mtoto wa kike wa darasa la kwanza.

"Shikamoo anti Vaileth."

"Marahaba. CV?"

"Ndiyo anti. Nataka nikajitolee pale zahanati likizo hii, nione kama kweli unesi nitauweza. Daktari Zahor kasema anachukua mwanafunzi mmoja tu, na CV zimfikie leo kabla hajaondoka."

Mmoja tu. Asubuhi ile nilikuwa nimeshawachapia wenzake wawili, na wote wawili walipenda kusafiri. Sikumwambia.

Nikachapa jina, shule, kidato cha tatu. Nikafika kwenye uzoefu wa kazi.

"Umewahi kufanya kazi gani?"

"Sijawahi anti. Mie ni mwanafunzi tu."

"Hata kukaa dukani kwa mtu?"

"Hata."

Nikaandika Hakuna. Simu naye hakuwa nayo, nikaweka yangu. Ndivyo tunavyofanya; nusu ya wanafunzi wa mtaa huu wanapatikana kwa namba yangu.

Mara mama mtu akagonga meza. Nikakunja uso, kwa sababu mimi meza yangu haigongwi. Sekela akamgeukia, mikono yake ikaanza kwenda.

"Mama hasikii," akaniambia bila kuisimamisha mikono. "Anauliza umeandika nini. Namsomea."

Nilishawahi kuona viziwi wakiongea, ila kwa mbali, vituoni. Siku hiyo ilikuwa mbele ya pua yangu. Binti aliyeniamkia kwa sauti ya kuomba radhi alikuwa sasa anaongea kwa vidole, kwa mabega, kwa nyusi, na wala hakuwa akiomba radhi kwa mtu. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, yanarudi kwa mama, yanarudi kwenye skrini. Niliacha kuchapa. Kusema kweli nilisahau kwamba nachapa.

Walipofika kwenye mkia, mama akacheka hadi akashika tumbo.

"Anasema kusafiri wapi, hata Mbweni sijawahi kufika."

Nikacheka na mimi, kwa aibu kidogo. Lakini mama alikuwa hacheki tena. Alikuwa ameweka kidole kwenye skrini, kwenye lile neno Hakuna, na mkono mwingine ukisema maneno mengi ya hasira. Kila mara alianza kwa kugusa shavu lake kwa vidole viwili.

"Hicho cha shavuni ndiyo nini?"

"Jina langu. Kwa sababu ya hiki kishimo."

"Na anasemaje?"

Sekela akatazama chini. "Anasema hapo si kweli. Anasema nikwambie habari ya huyu Loveness." Mdogo wake akainua kichwa. "Siku anazaliwa, nesi alikuwa anamwambia mama sukuma, mama haelewi. Anaona mdomo wa nesi unafunguka tu. Basi wakanivuta ndani. Nilikuwa darasa la tatu. Nikasimama karibu na kichwa chake. Nesi akisema sukuma, namwambia sukuma. Akisema pumzika, namwambia pumzika. Mpaka mtoto akatoka."

"Ukiwa na miaka tisa? Hukulia?"

"Nililia anti, ila kwa macho tu. Mikono ilikuwa na kazi."

Nimezaa mara mbili, najua chumba kile kilivyo. Nilimtazama yule binti na sare yake iliyopauka nikajisikia mdogo kwenye kiti changu mwenyewe.

"Na kliniki? Benki? Vikao vya shule?"

"Kote huko ni mie. Lakini hiyo siyo kazi anti, ni mama."

Nikafuta mkia wote. Nikafuta Hakuna. Nikaandika upya, polepole, kila nilichoambiwa, na kwenye lugha nikaongeza Lugha ya Alama. Sekela akaipeleka, akarudi kusubiri na wale wenzake wawili kwenye benchi langu, pamoja na mama na mdogo wake, maana simu ilikuwa yangu.

Jioni ikaita.

"Dada Vaileth," alisema Daktari Zahor, "hii CV yenye habari za chumba cha kujifungulia. Ni kweli, au ni zile zako?"

Hadithi zangu za kusafiri ndizo zilizokuwa zinataka kumnyima mtoto wa watu nafasi.

"Daktari, wale wengine niliwatungia mimi. Huyu sikumtungia hata neno. Aliyezaliwa siku hiyo yuko hapa dukani kwangu anakula ubuyu."

Nikasikia anafunua karatasi.

"Nina wagonjwa wasiosikia," akasema. "Wanakuja, tunatazamana, wanaondoka. Mwambie aanze Jumatatu."

Nikakata simu. Wanafunzi wote watatu walikuwa wananiangalia, na Sekela ameshasimama. Mimi nikamfuata mama. Nikaweka vidole viwili shavuni. Nikanyoosha mkono kuelekea zahanati. Kisha nikaitikia kwa kichwa, tena na tena kama mwehu, huku machozi yakinitoka.

Sekela akainua mikono yake haraka ili anisaidie kueleza. Mama yake akaishika yote miwili, akaishusha taratibu, akabaki ameishikilia. Alikuwa ameelewa.