Kofia ya Polisi wa Mwaka Hamsini na Tatu

Uwanja wa Cardiff, siku ile ya Desemba mwaka 1953, haukuingiza hata watu elfu sitini. Kijijini kwetu, juu kabisa ya bonde la Rhondda, nimekulia katikati ya watu wanaodai walikuwemo, na ukiwajumlisha na wa vijiji vya jirani uwanja huo ungepasuka. Wote waliwaona Wales wakiwafunga New Zealand kwenye raga, kumi na tatu kwa nane. Wote wanaikumbuka kofia ya yule polisi. Trai ya mwisho ilipoingia, mpira ukiwekwa chini nyuma ya mstari wa goli, polisi mmoja nyuma ya goli aliirusha kofia yake juu, ikaangukia kwa mashabiki, ikapita mkono kwa mkono hadi ikapotea. Nimeisikia kofia hiyo mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu.

Tangu siku hiyo hatujawafunga tena. Tumepigwa kwa aibu na tumepigwa kwa kidogo. Mwaka 1978 ilikuwa pointi moja, kwa penalti ya dakika za mwisho, na wapo wazee ambao hadi leo hawataki hata kumsikia mtu akiitaja. Ukizaliwa kwetu unarithi madeni ya namna hiyo bila kuulizwa.

Baba yangu, Idwal Probert, alikuwa na ushahidi. Tiketi yake ya 1953 imetundikwa kwenye fremu katika klabu ya kijiji, kando ya ubao wa vishale. Yeye na kaka yake Brynmor walikwenda pamoja, vijana wawili wa shimo la makaa ya mawe. Kila New Zealand walipokuja, klabu iliwaketisha meza ya mbele, pamoja na wazee wengine wa siku ile, na kuwataka wasimulie. Brynmor ndiye aliyekuwa msemaji. Baba aliitikia kwa kichwa, na palipohitajika kuongezwa neno aliongeza neno.

Baba alikuwa na sheria moja, nayo ilituchosha nyumba nzima: hatutoki uwanjani kabla ya firimbi ya mwisho. Mwaka 1980, siku niliyojifungua mtoto wangu wa kwanza, alifika hospitali baada ya kila mtu, kwa sababu Wales walikuwa wanapigwa ishirini na tatu kwa tatu naye alitaka kuwaona wakimaliza. Mama alimnunia mpaka Krismasi. Mwaka 1989 nilikaa naye jukwaani hadi wafagiaji wakatuomba tuinue miguu. Kwa miaka mingi niliamini huo ni uaminifu. Baadaye nikaona ni ukaidi tu, na mwishowe nikaacha kufikiri, nikawa nabeba chupa ya chai.

Brynmor alifariki mwezi Machi mwaka 2004. Novemba hiyohiyo New Zealand wakaja tena. Gethin Rosser, mwenyekiti wa klabu, mtu mnene mwenye huruma nyingi na sauti kubwa, alikuja nyumbani kumwomba baba asimulie peke yake, asubuhi ya mechi, kabla hatujapanda treni.

"Siwezi," baba akasema.

"Mzee Idwal, dakika tano tu. Watu watakuwa na bia zao, hawatakusumbua."

"Brynmor ndiye aliyekuwa anajua kusimulia. Mwacheni apumzike, na mimi mniache."

Gethin alinitazama, nami nikainua mabega. Nilikuwa na zamu ya asubuhi jikoni shuleni wiki nzima, magoti yananiuma, na kitu pekee nilichotaka Jumamosi ile kilikuwa kitanda. Lakini baba alikuwa na miaka sabini na tatu na mapafu yamejaa vumbi la makaa. Sikumwambia, lakini nilijua hii ilikuwa mara yake ya mwisho kupanda ngazi zile za uwanjani.

Mechi ilikuwa nzuri, na hilo lilinichosha zaidi. Ukipigwa vibaya unaweza kula sandwichi yako kwa amani. Siku ile tulikuwa nyuma yao muda wote kama mtu anayekimbilia basi lililopunguza mwendo. Zilipobaki kama dakika kumi, tulikuwa nyuma kwa chini ya trai moja. Watu elfu sabini na kitu walikuwa wamesimama wakiimba. Baba akatazama saa yake, akafunga vifungo vya koti.

"Twende, Rhianwen."

"Wapi?"

"Nyumbani. Twende sasa hivi."

Nilidhani anaumwa. Nikamshika mkono, akauondoa mkono wangu. Tulipita mbele ya magoti ya watu, na mmoja akamwambia, "Mzee, vumilia kidogo, choo hakihami." Mwingine akasema, "Mwacheni, huyo katumwa na New Zealand." Baba hakugeuka. Alishuka ngazi moja moja, akipumzika kila baada ya ngazi nne, na mimi nyuma yake nimebeba chupa ya chai na hasira.

Nje, Mtaa wa Westgate ulikuwa mtupu, taa zimewaka. Alitembea hadi kwenye kona, akasimama na mgongo ukutani.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa nimefika hapa."

"Lini, baba?"

"Mwaka ule. Tulikuwa nyuma nane kwa tano. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu haina nguvu, nikamwambia Brynmor tumeshindwa, tuwahi treni kabla haijajaa. Akakataa, tukatukanana. Nikatoka peke yangu." Alivuta pumzi. "Nilipofika hapa nikasikia kelele ya kwanza, ile ya penalti ya kusawazisha. Nikasimama nikijiuliza nirudi au nisirudi. Halafu ikaja ya pili. Hiyo ya pili, mwanangu, hata ukuta huu uliisikia."

Nilihesabu ubatizo, harusi na mazishi ambako nilimwona akiitikia kwa kichwa.

"Na kofia ya polisi?"

"Ya Brynmor. Yote ni ya Brynmor. Alirudi nyumbani akanisimulia kitandani, kisha asubuhi akaanza kuwaambia watu 'tuliona'. Hakuwahi kusema 'niliona'. Miaka hamsini na moja, hata akilewa." Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyaficha. "Baada ya hapo nikaapa sitoki mapema tena. Nikakaa, nao wakafungwa kila nilipokaa. Nimechoka kukaa, Rhianwen. Nikasema leo nifanye kama siku ile. Nitoke, wao washinde. Nisione, nisidhuru."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Lakini uwanjani ikapasuka kelele iliyotikisa vioo vya duka la jirani. Baba akanikamata mkono, kucha zake zikaniingia.

"Ya kwanza hiyo," akasema.

Kulikuwa na baa upande wa pili wa barabara, televisheni inaonekana dirishani. Nikapiga hatua, akanivuta. "Usitazame. Tungoje ya pili."

Tukangoja. Mimi, mtu ambaye nilikuwa nimechoshwa na mchezo huo hadi kwenye mifupa, nilisimama pale barabarani nikiwa nimezuia pumzi, nikimwomba Mungu kelele. Nilisikia wimbo ukipanda, ukishuka, ukikatika. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kutoka nje: watu elfu sabini wakinyamaza. Baba aliendelea kunishika muda mrefu baada ya sisi wote wawili kujua.

Wakaanza kutoka. Hawakuzungumza, ni viatu tu. Katikati yao akaja Gethin, skafu mkononi, uso umevimba kwa kulia.

"Ishirini na tano kwa ishirini na sita," akasema. "Pointi moja, Mzee Idwal. Moja. Umeiona ile penalti? Mimi nikajua tayari tumewapata."

Baba akavua kofia yake.

"Sikuiona, Gethin. Nilitoka kabla. Na ile ya hamsini na tatu pia nilitoka kabla. Sikuona kitu. Iondoe ile tiketi ukutani."

Gethin alimtazama, akanitazama mimi, akajifuta pua kwa skafu. Nilijiandaa kumtetea baba, ingawa sikujua kwa maneno gani.

"Baba yangu siku ile alikuwa chini shimoni," Gethin akasema. "Mama alituambia tulipomzika. Alisimulia maisha yake yote, na kofia ya polisi ndani, na hakuwahi kufika hata nje ya geti."

"Mzee Rosser?" baba akauliza. "Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimsahihisha Brynmor."

"Ndiyo yeye. Na wale ndugu wawili wa duka la mikate ni hivyohivyo. Sote tunajua, mzee. Nani atamwambia nani?"

Baba akaegemea tena ukuta. Nilimwona akiwapitia kichwani mmoja mmoja, wazee wote wa ile meza ya mbele, wengi wao makaburini.

"Basi ni nani aliyeona?"

"Brynmor," nikasema.

Watu walitupita pande zote, wamechoka. "Kijiji kizima," baba akasema mwishowe. "Aliona kwa niaba yetu sote. Na mimi nilikuwa namwonea wivu, Rhianwen. Miaka yote hiyo sikumwambia hata asante."

Tulipanda treni tumebanwa mlangoni. Gethin alimtafutia baba nafasi ya kukaa, akasimama mbele yake ameshika chuma cha juu. Tulipopita kituo cha Pontypridd baba akamgusa tumbo.

"Gethin. Anza pale nilipoinuka leo."

"Unataka kweli? Inaumiza."

"Anza. Polepole, usiruke kitu."

Gethin akaanza. Alisimulia vibaya, akirudia, akisahau nani alikuwa na mpira, na baba akawa anamuuliza, amefumba macho, kofia magotini. Nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nilisikiliza mpaka firimbi ya mwisho.