Aliyepandisha Sauti

Betri za rimoti Abass alizifungia kwenye droo, chini ya risiti za mizigo, na ufunguo wa droo alitembea nao mfukoni. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, karani wa ofisi ya mizigo, anaficha betri mbili kama mama anayeficha sukari. Aliyeuliza alijibiwa kwamba rimoti imekufa. Ukitaka stesheni nyingine, inuka ukabonyeze kwenye televisheni yenyewe, na sauti usiiguse.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, mwendo wa dakika kumi kutoka soko la Zhanqian Road jijini Guangzhou, China, katika mtaa ambao nyumba zake zimebanana hata jirani angeweza kukupa chumvi kupitia dirishani. Wafanyabiashara walileta hapo suruali na simu, Abass akapima na kuandika, na mwenye ofisi, Bi Fathiya wa Unguja, akashinda bandarini Huangpu kupambana na makontena. Juu ya ofisi, ghorofa ya tano, kilikuwa chumba cha kufungia marobota. Kilikuwa na kufuli tangu Juni. Wapangaji walikuja kukiona, wakasikia habari zake ngazini, wakaishia hapo hapo.

Abass alijua kwamba si kitupu. Alasiri nyingine duka la chini lilipojaribu spika, au mtu alipofungulia redio kwa nguvu, alisikia miguu darini. Hatua tisa za mbio, kutoka pale palipokuwa na meza mpaka dirishani. Tisa, kisha kimya. Alisoma kila alichofundishwa madrasa, na hatua zikabaki tisa.

Alhamisi moja ya Oktoba, dada yake Cornel, kijana aliyekuwa akiishi chumba kile cha juu, akabisha hodi.

Kabla ya kumkaribisha ndani, afadhali isemwe ilivyokuwa, kwa sababu Abass mwenyewe alikuwa hajamwambia mtu.

Ulikuwa mwaka wa Olimpiki. Viza, ambazo zamani zilipatikana kwa maneno matamu na picha mbili, zikawa ngumu ghafla, na polisi wakaanza kupanda ngazi mlango kwa mlango wakidai pasipoti. Viza ya Cornel ilikwisha Aprili. Kijana wa Bukoba, mrefu, mcheshi, mwenye mikono ya kufunga robota likakazika kama jiwe, alikuwa akilala na kufanya kazi kule juu akisubiri kontena lake lijae aende kwao. Bi Fathiya akaweka utaratibu. Televisheni ya ofisini iwe na sauti ya kunong'ona siku zote. Aliyekaa ofisini akiwasikia polisi ngazini, apandishe sauti mpaka mwisho. Hakuna sheria inayomkataza mtu kutazama televisheni kwa kelele. Wa juu atasikia, atatoka dirishani, atakanyaga boksi la kiyoyozi, na hatua moja itamfikisha kibarazani kwa jirani. Cornel alifanya hivyo mara mbili. Mara ya pili alirudi anacheka, na chungwa mkononi alilopewa na bibi wa Kichina aliyemkuta anaanua nguo.

Na kulikuwa na kile kipindi. Stesheni moja ya Kiingereza ilikuwa ikipanga michezo hamsini bora ya televisheni za Kimarekani, ile ya watu kushindania zawadi, kumi kila Alhamisi saa kumi alasiri, kutoka hamsini kushuka mpaka wa kwanza. Cornel alishuka kukitazama akiwa na soksi tu, miguu isilie. Amerika hakuijua hata kwa ndoto, lakini maoni alikuwa nayo tele. Mchezo wa kuzungusha gurudumu aliudharau.

"Bahati tupu, sheikh. Hata ng'ombe angezungusha."

Wa maswali na majibu aliuita mtihani wa darasa la saba, na mtihani ule alikwisha uponyoka mara moja, harudii. Kipenzi chake kilikuwa kile ambacho mama wa watu anatolewa kwenye viti, anaonyeshwa jokofu, anaambiwa akisie bei. Hapo Cornel alishindwa kukaa.

"Tai gui! Ghali mno!" alimnong'onezea yule mama kwenye kioo. "Mwambie laoban apunguze!"

Laoban ni bosi, mwenye duka, na hakuna Mtanzania wa Guangzhou ambaye maneno hayo mawili hayajui. Cornel alikisia majokofu, makochi, hata mashua, akakosea kidogo tu. Aliandika orodha yake nyuma ya karatasi ya mizigo, mchezo wa bei ukiwa juu. Abass akaweka wa maswali. Atakayeshindwa angekiri mbele ya watu kwamba hajui kitu.

Alhamisi ya mwisho mtaa ulichafuka, pasipoti zikikaguliwa tangu asubuhi. Cornel hakushuka. Wenzake walikuwa sokoni Zhanqian, naye alikuwa peke yake na marobota, na mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa.

"Utaniambia mshindi," alisema kutoka ngazini.

Wa pili ulipotajwa kuwa ni ule wa maswali, Abass alisimama. Wa kwanza ukatajwa. Ulikuwa wa bei. Ukumbi mzima kwenye kioo ukalipuka kwa shangwe, yule mama akirukaruka, na Abass, aliyekuwa ameshindwa, alifurahi mno kwa ajili ya rafiki yake. Akaikamata rimoti akapandisha sauti mpaka mwisho, ili Cornel asikie kule juu kwamba ameshinda. Furaha ilimtoa akilini, basi, hakuna neno jingine. Bado alikuwa anacheka alipozisikia zile hatua tisa.

Ngazini hapakuwa na polisi hata mmoja. Walikuja kweli, robo saa baadaye, kwa sababu mtu ameanguka kutoka dirisha la ghorofa ya tano. Wenzake waliokimbia kutoka sokoni waliwakuta polisi hapo na televisheni bado inanguruma, wakajiunganishia wenyewe habari. Abass akanyamaza. Siku ya kwanza alinyamaza kwa mshtuko, ya pili kwa woga, na kuanzia ya tatu kwa kuwa alikwisha nyamaza siku mbili.

"Karibu, dada," alisema sasa. "Pole sana na msiba."

"Tumeshapoa, kaka. Mimi naitwa Felisia."

Alikuwa mwalimu, mnene kidogo, mwenye urefu ule ule wa Cornel na paji lile lile la uso, na Abass alipoliona paji lile alitazama pembeni. Alifika uwanja wa ndege wa Baiyun asubuhi, akaja na metro, amekamata mkoba mmoja. Alikuja kuchukua vitu vya ndugu yake. Abass akamletea boksi: nguo, viatu, rozari, simu iliyopasuka kioo. Felisia alivishika kimoja kimoja bila kulia. Kulia, alisema, alilia kwenye ndege, mpaka mhudumu akamletea blanketi.

Ndipo akaiona televisheni.

"Si ndicho hiki? Kipindi cha kuhesabu michezo?"

Kilikuwa chenyewe. Walikuwa wanakirudia tangu Septemba, na Abass alikuwa amekaa nacho wiki zote, bila kukitazama na bila kukizima, maana aliona hana haki ya kukizima. Leo ilikuwa sehemu ya mwisho. Wa nne ulikuwa umeshapita.

"Alinisimulia kwenye simu," Felisia alisema. "Nikamwambia, wewe mtu mzima, wapoteza muda na Wazungu wanaorukaruka." Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Alitaka kurudi Mei, kaka Abass. Mimi ndiye niliyemwambia avumilie, kontena lijae. Hilo nalala nalo."

Felisia alifungua mkoba, akatoa kikapu kidogo cha kusukwa chenye mfuniko, akakiweka mezani juu ya kitabu cha risiti. Ndani mlikuwa na buni kavu, nyeusi, zinanukia moshi na majani.

"Kahawa ya kutafuna. Amwani, tunaita. Kwetu mgeni wa heshima anapokelewa kwa hii. Mama ameichemsha na kuianika mwenyewe, na macho yake yale mabovu." Alishusha pumzi. "Msibani walituambia kwamba polisi walipokuja, kuna mtu hapa alipandisha sauti ya televisheni ili Cornel akimbie. Mama hiyo ndiyo imemshika roho. Kila akilia, anasema, lakini kuna mtu alijaribu kumwokoa mwanangu, hakufa kama asiye na mtu. Amenituma nimtafute. Anasema huyo naye ni mwanawe sasa. Ni nani, kaka?"

"Ni mimi," Abass alisema. Neno lilimtoka kabla hajaliona.

Felisia akainuka. Akamshika mikono yote miwili, na sasa machozi ambayo eti yaliishia kwenye ndege yakashuka tena. Akachota buni, akamtilia tatu kiganjani, akachukua tatu zake.

"Tutafune pamoja. Mama ataniuliza kama nimeona kwa macho yangu."

Kwenye televisheni wa tatu ulipita, shangwe zake zikinong'ona tu. Buni tatu hazina uzito, lakini Abass hakuzifikisha mdomoni. Kutafuna tu, na ingekwisha. Bibi kizee wa Bukoba angebaki na faraja yake, Felisia angepanda ndege, naye angekuwa mtoto wa watu kwa kosa lake mwenyewe. Aliona aibu hata kwa kulifikiria. Wa pili ukatokea, wa maswali na majibu.

"Dada," alisema, "polisi hawakuja."

"Hawakuja wapi?"

"Siku ile. Walikuja baadaye, ameshaanguka. Mimi nilipopandisha sauti hapakuwa na polisi. Kipindi kilikuwa hiki hiki. Wa kwanza ulitoka ule aliouchagua Cornel. Nilitaka asikie kwamba ameshinda. Nilisahau, dada. Wallahi nilisahau kwamba sauti ndiyo ishara."

Felisia akanyoosha mkono, akazichukua buni kutoka kiganjani mwake, moja, ya pili, ya tatu, akazirudisha kikapuni pamoja na zake. Akafunga mfuniko.

"Alikimbia bure," alisema.

"Alikimbia bure."

"Na wewe ukakaa na hilo miezi minne. Tukawalaani polisi wa watu kanisani, padri mbele, sisi nyuma."

Abass aliinamisha kichwa. Angependelea kofi.

"Pandisha," Felisia alisema.

"Dada?"

"Hiyo televisheni. Ipandishe kama ulivyoipandisha siku ile. Nataka kusikia alichosikia."

Alitoa ufunguo mfukoni. Mara mbili ukakosa tundu. Akafungua droo, akafukua risiti, akazitia betri, na wakati huo huo kwenye kioo ukumbi uleule ulilipuka na mama yuleyule akaanza kurukaruka. Abass alibonyeza, akabonyeza, mpaka shangwe za Wamarekani zikajaza chumba na kutikisa glasi ya chai.

Na juu ya dari, miguu ikaanza.

Alimtazama Felisia. Uso wake alikuwa ameuinua juu, na mdomo wazi. Alikuwa anasikia. Miezi minne Abass alidhani ni kichwa chake kinachomwadhibu, na sasa mtu mwingine alikuwa akifuata kwa macho hatua zilezile, moja, mbili, tatu, kutoka kwenye meza kuelekea dirishani. Nne. Tano.

"Cornel!" Felisia alipiga ukelele, mikono juu. "Cornel, simama! Hakuna polisi! Umeshinda! Wa kwanza ni wako, umeshinda!"

Sita. Saba.

Walisubiri. Kipindi kikamalizika, majina ya watengenezaji yakapanda kwenye kioo, likaja tangazo la dawa ya meno. Ya nane haikuja. Abass akapunguza sauti taratibu, hatua kwa hatua, mpaka wakasikia pumzi zao wenyewe na pikipiki ya mtu huko uchochoroni. Alipogeuka alikuta Felisia ameketi kitini, kikapu mapajani, anajifuta uso kwa upande wa kitenge.

"Sikusamehi leo," alisema. "Usingoje nikusamehe leo. Na kahawa hii siwezi kukuachia, mama hakuwa anajua anampa nani."

"Ni haki yako."

"Lakini mimi simwambii. Nimebeba maneno ya msiba ya kutosha." Alitoa simu, akabonyeza namba kwa kidole gumba bila kuitazama. Bukoba ilikuwa saa tano asubuhi. Simu iliita muda mrefu, kisha akasema maneno machache ya kwao, kwa upole, na Abass akalisikia jina lake katikati. Felisia akampa simu.

Aliishika kwa mikono miwili. Kulikuwa na mkwaruzo wa mbali, kuku analia mahali fulani, halafu sauti nyembamba ya mwanamke mzee, Kiswahili chake cha kutafutatafuta.

"Mwanangu. Ni wewe uliyempandishia Cornel sauti?"

Felisia alikuwa anamtazama. Juu, chumba kilikuwa kimya.

"Ni mimi, mama," Abass alisema. "Kaa chini kwanza, nikueleze kwa nini."