Aya ya Kumi na Mbili

Saa mbili na nusu asubuhi mwandishi wa sayansi, ambaye wenzake walimwita Bi Utafiti, aliikuta sakafu ya chumba cha habari imejaa herufi kama mchele uliomwagika. Hakushtuka. Zilikuwa zikianguka tangu mhariri alipofunga ukutani skrini kubwa ya kuonyesha wasomaji wa mtandaoni wamefika wapi katika kila habari. Aya ambayo hakuna aliyeifikia ilijibandua kwenye skrini, ikateremka, ikadondoka. Herufi ndogo hazikumdhuru mtu. Herufi kubwa iliwahi kumpiga mwandishi wa michezo utosini, na tangu siku hiyo alifanya kazi na kofia ngumu.

"Wasomaji wako wanakimbilia mlangoni kwenye aya ya tatu," mhariri alisema, rimoti mkononi. "Umeandika neno 'sampuli'. Watu mia nane wametoka kwa mpigo, utadhani nyumba inaungua."

"Bosi, bila sampuli hakuna utafiti."

"Basi punguza utafiti."

Habari hiyo ya maji ya visima ilimchukua miezi minne. Alifuatana na wanakemia kuchota maji kwenye visima ishirini, wakayapima, wakayapima tena. Aliandika aya kumi na nne. Roho ya habari ilikuwa aya ya kumi na mbili, kwa sababu mhariri aliagiza ianze na punda wa muuza maji. Takwimu zilisema wasomaji wanapenda wanyama. Punda alipewa aya mbili na picha.

Mama mfagizi, ambaye kwa kawaida alizoa herufi zote na kuzitia guniani, asubuhi hiyo aliegemeza ufagio ukutani. Alikuwa ameokota aya moja nzima, haijavunjika, akaibeba kwenye kizoleo kama mtu aliyebeba mayai.

"Mwanangu, hii ni yako?"

Bi Utafiti aliinama akaisoma. *Kisima cha nyuma ya kiwanda cha betri kina madini ya risasi mara tisa ya kiwango salama. Madini hayo hudumaza akili za watoto.*

"Ni yangu, mama."

"Sisi ndiko tunakochota. Mjukuu wangu ana miaka sita, hajaweza kuhesabu mpaka kumi. Mwalimu anasema ni mvivu."

Bi Utafiti alikosa pa kuyaweka macho. Aliichukua ile aya, akaenda kwa mhariri, akaomba ipandishwe juu kabisa, punda ashuke. Mhariri hakuwa mtu mbaya. Alimpa saa moja.

Kufika dakika ya arobaini, wasomaji walikuwa tisa, na kichwa cha habari chenyewe kilianguka kikavunja pembe ya meza. Saa nne mahali pake pakawekwa "Vyakula Vitano Vinavyosafisha Damu". Bi Utafiti aliviandika kwa dakika ishirini, bila kuuliza mtaalamu yeyote. Vinne alivipata kichwani mwake. Cha tano alisaidiwa na mwandishi wa michezo. Haikuanguka hata nukta. Ofisi nzima ilipiga makofi, naye akajikuta anatabasamu, na tabasamu hilo lilimkaa mdomoni kama kitu cha kuazima.

Mchana aliifunga aya yake kwa gazeti kuukuu akaipeleka kwa ofisa wa maji. Ofisa aliipima uzito kiganjani.

"Hii imeanguka?"

"Imeanguka."

"Basi haiko hewani, dada yangu. Sisi tunashughulikia yaliyo hewani." Alimrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mama mfagizi aliichukua akaibandika ukutani kando ya kisima. Majirani waliisoma yote mpaka mwisho, wakatikisa vichwa, wakateka maji. Kisima kingine kilikuwa mwendo wa saa nzima, na kusoma hakukati kiu.

Juma lililofuata mhariri alikuja na wazo. "Andika juu ya herufi zinazoanguka. Sayansi yake. Watu watapenda."

Walipenda. Watu milioni mbili waliisoma, na wengi walifika mwisho, jambo ambalo skrini haikuwahi kuonyesha. Wageni walipanga foleni ngazini ili wapigwe picha na herufi, na habari ikapata tuzo ya uandishi bora wa sayansi. Sentensi moja tu ndiyo wasomaji waliyoiruka, ile iliyoeleza herufi hizo zilikuwa zinasema nini. Ilianguka saa sita mchana, taratibu, juu ya zulia jipya. Mhariri aliiruka akiwakaribisha wapiga picha.

"Na kisima umekiandika?" mama mfagizi aliuliza, akiwapisha wageni.

"Nilikiandika, mama."

Mama mfagizi aliitazama sentensi pale zuliani, akaisoma mara moja. Kisha akaomba ruhusa ya kutoka mapema, kwani zamu yake ya kuteka maji ilikuwa saa kumi.