Madonge Ishirini na Saba

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu mzima akipungua mbele ya macho yako, wala haumwi, wala hana njaa? Pushpa alimwona. Mumewe Mansukh, aliyefundisha kemia Mombasa miaka kumi na saba, alikuwa akipungua kila jioni alipovua koti la kahawia la kazini na kulitundika nyuma ya mlango wa chumba chao kule Tooting, mtaa mmoja wa Landani.

Walifika Uingereza mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nane, siku chache kabla sheria mpya haijawafungia mlango watu kama wao, Wahindi wa Kenya. Vyeti vya ualimu vya Mansukh vilitazamwa, vikarudishwa ndani ya bahasha. Shule moja ya sekondari ikampa kazi ya maabara: kuosha chupa, kupanga dawa, kufuta ubao. Kufuta tu. Kuandika ilikuwa kazi ya mwalimu, Mista Pelham, na chaki zilikaa mfukoni mwa Mista Pelham.

Jumapili moja ya Novemba, mwaka uliofuata, Mansukh alimwomba mkewe msaada. Alhamisi wazazi wangekuja kuitazama shule, na Mista Pelham alitaka mfano wa punje ya chumvi, uonyeshe jinsi sodiamu na klorini zinavyopangana ndani yake. Pushpa hakuhitaji maelezo. Shule yake iliishia darasa la sita, lakini kule Mombasa yeye ndiye aliyekuwa akimfinyangia mumewe laddu, vile vitamu vya mviringo, za somo hilo, kisha akaketi barazani nje ya darasa kungojea sahani zake, na masikio hayakuwa na pazia.

Akakanda unga wa ngano kwa maji na chumvi. Madonge kumi na manne ya klorini akayatia manjano, kila moja kadiri ya ndimu. Kumi na matatu ya sodiamu akayaacha meupe, madogo karibu nusu ya yale, kama zambarau. Rula hakuigusa, maana mkono uliozoea laddu unajua wenyewe. Akayapanga kando ya jiko la mafuta ya taa, akawa anayageuza taratibu yasipasuke. Jumanne asubuhi Mansukh akayabeba ndani ya debe la Kimbo, lile la mafuta ya kupikia, walilokuja nalo kutoka nyumbani.

Jioni akarudi na debe, limejaa vilevile.

"Anataka yafanywe upya," alisema. "Sodiamu makubwa, klorini madogo."

"Kwa nini?"

"Ametazama jedwali la atomu. Atomu ya sodiamu ni kubwa kweli kuliko ya klorini. Lakini ndani ya chumvi hamna atomu hizo, mna ioni."

"Ulimwambia?"

Mansukh akainama, akafungua kamba za viatu.

"Baba Bhanu, nakuuliza. Ulimwambia?"

"Nilisema, yes sir."

Pushpa alipokasirika aliacha Kigujarati akashika Kiswahili cha Mombasa, maana huko ndiko alikojifunza kugombana.

"Yes sir! Si wewe uliyekuwa ukiwaambia watoto wa watu, sodiamu akishampa mwenziwe ile elektroni yake moja ya nje, tabaka zima la nje limeondoka, na zilizobaki kiini kinazivuta kwa nguvu zaidi, akasinyaa? Na klorini akiipokea, zinasukumana humo ndani, akavimba? Mimi wa darasa la sita ninayajua, na yeye na tai yake hayajui?"

"Punguza sauti. Mwenye nyumba atasikia."

"Na asikie! Huenda naye akajifunza."

Binti yao Bhanu, wa miaka kumi na mitano, alikuwa mwanafunzi wa Mista Pelham. Akainua kichwa kutoka kitandani alikokuwa akisoma, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ameshayaandika daftarini kama walivyoambiwa, sodiamu kubwa, klorini ndogo.

"Unasikia?" Pushpa alisema. "Mwanao mwenyewe atayapeleka kwenye mtihani."

"Wakinifukuza tutakula nini?"

"Tutakula haya madonge! Umepokonywa kitu kimoja tu, Baba Bhanu. Kimoja! Ndiyo usinyae wote hivi?"

Pushpa akausukuma mfuko wa unga kuelekea kwa mumewe.

"Finyanga mwenyewe. Mikono yangu haifanyi uongo."

Mansukh akafinyanga mwenyewe. Yalitoka yamepinda, yana alama za vidole kila upande, na Pushpa akayatazama yakikauka bila kuyageuza hata moja.

Alhamisi alasiri Pushpa alivaa sari yake ya kijani, sweta juu, soksi za sufu ndani ya kandambili, na debe la Kimbo chini ya shali. Maabara ilijaa wazazi. Mista Pelham alisimama mbele na rula, akagonga donge kubwa jeupe, kisha dogo la manjano, akieleza. Mansukh alikuwa kwenye sinki, kitambaa mkononi.

Pushpa akapita katikati ya watu hadi mezani. Akafungua debe, akaanza kupanga yake: manjano kubwa, jeupe dogo, manjano kubwa.

"Mummy, please," Bhanu alinong'ona.

Mista Pelham akatabasamu, akageukia sinki. "Mansukh, huyu ni mkeo? Mwambie aondoe peremende zake."

Watu wakacheka. Mansukh akaja haraka, kichwa chini, akaanza kuyaokota madonge ya mkewe, moja, mawili.

Sasa, wanawake wa ukoo wa Pushpa hawatamki jina la mume. Miaka kumi na tisa ya ndoa, alikuwa Baba Bhanu, au sikiza, au wewe. Kumtamka mume mbele za watu ni kumvua kilemba. Pushpa akapiga meza kwa kiganja, madonge yakaruka.

"Mansukh!" aliita. "Mwalimu Mansukh!"

Mkono wa Mansukh ukasimama juu ya donge la manjano. Akamtazama mkewe kama mtu aliyepigwa kofi. Akamtazama Bhanu, aliyekuwa amekumbatia daftari. Kisha akayarudisha madonge mahali pake, moja, mawili, akavua koti la kahawia, akaliweka juu ya kiti, na akamnyooshea Mista Pelham mkono mtupu.

"Hizo si peremende," alisema kwa Kiingereza, na sauti ilikuwa ile ya Mombasa, ya kufika dawati la mwisho. "Ni ioni, na ukubwa wake ndio huo."

"Unataka nini, Mansukh?"

"Nataka chaki," akasema. "Karibu miaka miwili sasa nataka chaki."