Joto la Giaboksi

Siku hiyo nilichoka kabla sijaanza kazi. Asubuhi kaka yangu alikuwa amepiga simu kusema yale yale: Baba akikosea tena, anikabidhi funguo za gereji, akae nyumbani apumzike. Ni rahisi kusema apumzike ukiwa mbali. Baba ana miaka sabini na minne, na hamsini kati ya hiyo ameimalizia chini ya magari. Kazi hii nimefundishwa na yeye.

Gari lilikuwa la daktari wa meno, gari la michezo la milango miwili, kuukuu kuliko daktari mwenyewe. Alitaka awekewe geji ya kupimia joto la oili ya giaboksi, maana kwenye milima mirefu oili ilikuwa ikichemka na gia ya tatu ikianza kulia. Baba alisema kazi hiyo asiiguse mtu. Akamwaga oili, akafunga sensa, kile kidude cha kuhisi joto, kwenye nati ya chini, akapitisha waya mpaka kwenye dashibodi. Kazi safi kabisa. Nikamwacha, nikaenda kupambana na breki za lori.

Gereji yetu ina sheria moja, na aliitunga mwenyewe: ukimwaga oili, funga kitambaa chekundu kwenye usukani, na kisitoke mpaka umejaza. Saa nane nilipokuja, usukani haukuwa na kitu. Nikawasha gari.

Tukatoka kulijaribu, mimi nikiendesha, yeye akinisomea geji kwa sauti.

"Arobaini na tano," akasema.

"Haipandi?"

"Wapi. Imetulia kama maji mtungini."

Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Mama afariki. Ndiyo maana nilijifanya siusikii mlio mwembamba uliotoka chini ya gari. Masikio yake hayaushiki tena. Lakini tulipoanza mlima nikakamata gia kuibadilisha, na chuma chake kilikuwa cha moto.

"Inasema ngapi?"

"Hamsini. Mbona unasimama?"

Nilizima gari kando ya barabara, nikaingia uvunguni, nikafungua nati ya kujazia na kuchovya kipande cha waya. Kikatoka kikavu. Geji haikuwa na kosa. Ilifungwa ipime oili, ikakuta hewa, ikapima hewa.

Nilipotoka, Baba alikuwa anafuta miwani ili asome geji vizuri. Alikuwa anaifuta kwa kitambaa chekundu.

Iliniuma sana. Nikasema neno la kwanza lililokuja mdomoni.

"Ni kosa langu, Baba. Nilikwambia nitajaza mimi, nikapitiwa."

Aliniangalia, akakiangalia kitambaa. Malori mawili yakatupita.

"Giaboksi nimekufundisha," akasema. "Uongo sikukufundisha, ndiyo maana huuwezi."

Akakifunga kitambaa kwenye usukani, kwa fundo lile lile la miaka yote. Kisha akatoa funguo za gereji mfukoni na kuziweka kiganjani mwangu. Nilitaka kuzikataa, ila sikuwa na nguvu za kubishana, wala yeye hakuwa nazo.

"Kaka yako nitamwambia mwenyewe."

"Sawa, Baba."

Akavaa miwani yake, akaitazama ile geji iliyokuwa bado kwenye hamsini.

"Na kesho unipitie saa mbili," akasema. "Mlango wa gereji utafungua wewe."